Hiyo fyuzi si mbovu: Historia ya mlinzi wa nyaya za gari

Wiki mbili zilizopita msomaji mmoja wa safu hii, fundi wa umeme wa magari, alinitumia swali. Alitaka kujua kwa nini sisi watu wa lugha hatujalitafutia neno 'fyuzi' kisawe cha Kiswahili, tukaliacha liingie jinsi lilivyotoka Kiingereza na kulivisha tu matamshi yetu. Kabla sijamjibu akaongeza: "Lakini mwalimu, jina si shida sana. Shida ni kwamba mwenye gari hajui fyuzi ni ya nini."

Nitamjibu kwa kuanza na hilo la pili. Lina uzito kuliko la kwanza, na haliwezi kujibiwa bila historia.

Hebu msomaji, simama nami kidogo pale Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, mahali ambapo wazee bado hupaita Grogan. Dereva anafika na malalamiko: redio imenyamaza, au taa za nyuma zimezima. Fundi anafungua kisanduku cha fyuzi, anachomoa kijidude cha plastiki, anakiinua kwenye mwanga na kutoa hukumu: "Hii fyuzi ni mbovu." Anachomeka nyingine ya rangi hiyo hiyo. Nayo inakatika papo hapo. Ndipo dereva, mwenye haraka zake, anapouliza swali ambalo kila fundi amewahi kulisikia: "Si uweke kubwa ndiyo isiungue tena?"

Katika mazungumzo hayo mafupi mna makosa mawili. La kwanza ni la lugha. Fyuzi ile haikuwa mbovu, kwa kuwa fyuzi mbovu ni ile ambayo ingekataa kuungua. La pili ni la maarifa, yaani kudhani kwamba fyuzi kubwa ni fyuzi bora. Kosa la kwanza ndilo linalozaa la pili. Kitu tukishakiita kibovu, kinachoonekana kuwa busara ni kukibadilisha kwa kilicho imara zaidi. Na baadhi ya magari tunayoyaona yameteketea kando ya barabara, yakabaki mabati meusi, safari yao ya mwisho ilianzia kwenye busara ya namna hiyo.

Kuyeyuka ndiyo kazi yake

Tuanze na neno. Kiingereza kina maneno mawili yanayofanana kwa umbo, 'fuse', lakini asili zake ni tofauti. Moja linahusu utambi wa baruti, ule unaowashwa ili bomu lilipuke. Hilo linatokana na neno la Kilatini 'fusus', lenye maana ya pia ya kusokotea uzi, kwa sababu kibomba cha utambi kilifanana na pia hiyo. La pili, ambalo ndilo letu leo, linatokana na kitenzi cha Kilatini 'fundere', yaani kumimina au kuyeyusha. (Msije mkadhani kwamba 'fundi' wetu ametoka huko. Huo ni ufanani wa sauti tu. Fundi ni mtoto wa kufunda.)

Kwa hiyo fyuzi ya umeme, kwa asili ya jina lake, ni kitu kinachoyeyuka. Anayeilaumu kwa kuyeyuka anailaumu kwa kutimiza jina lake.

Wazo lenyewe lilizaliwa kabla ya gari kuwapo, na kabla hata ya taa ya umeme kuingia majumbani. Lilizaliwa katika simu ya maandishi, yaani telegrafu. Radi ilipopiga nguzo au nyaya za telegrafu, umeme wake ulikimbia hadi ofisini, ukaunguza mitambo na kuhatarisha maisha ya makarani. Mnamo 1847 Mfaransa Louis Breguet, mjukuu wa yule mtengenezaji saa mashuhuri Abraham-Louis Breguet, alipendekeza kwamba kabla ya waya mnene kuingia ofisini uunganishwe na kipande cha waya mwembamba. Radi ikija, kipande hicho kitayeyuka kwanza na njia itakatika. Kiungo dhaifu kiliwekwa kwa makusudi, mahali palipochaguliwa, ili madhara yaishie hapo.

Miongo mitatu baadaye wazo hilo lilipata kazi mpya. Mnamo Mei 4, 1880, Thomas Edison alipewa nchini Marekani hataza nambari 227,226 ya kile alichokiita kipitishi cha usalama kwa taa za umeme. Alieleza kwamba mkondo ukizidi kiasi, kijiwaya chembamba kitayeyuka na kuikata sakiti, yaani njia nzima ambayo umeme hupita kutoka kwenye chanzo hadi kwenye taa na kurudi. Akaongeza jambo ambalo mimi hulipenda: kijiwaya hicho kifungwe ndani ya kasha lisilopitisha umeme, ili matone ya chuma kilichoyeyuka yasiangukie mazulia na samani za watu. Yaani tangu mwanzo mvumbuzi alijua kwamba mlinzi huyu hufa kwa moto, na kwamba moto huo nao unahitaji kulindwa.

Siku hizo za mwanzo kilichohofiwa hasa kilikuwa taa. Taa za umeme zilikuwa ghali, na watu walitia fyuzi ili taa isipasuke kwa mkondo mkubwa. Ni baadaye, nyumba zilipojaa nyaya ndani ya kuta za mbao, ndipo ilipoeleweka kwamba taa ikiungua unapoteza taa, lakini waya ukiungua unapoteza nyumba. Tangu hapo kazi kuu ya fyuzi ikawa kulinda waya. Hata leo wengi wetu tumebaki na fikra ya zamani. Tunasema fyuzi ya redio inalinda redio. Inaweza kuisaidia redio, ndiyo, lakini mlindwa wake wa kwanza ni ule waya unaotoka kwenye kisanduku na kupita chini ya dashibodi hadi kwenye redio hiyo.

Kubahatisha hakufai

Watu wa miaka ya 1880 walichagua fyuzi kwa kubahatisha. Aliyekuwa na kipande cha waya wa risasi au bati alikifunga hapo na kuomba Mungu. Wahandisi wakaona haifai. William Preece, mhandisi wa Posta ya Uingereza, alifanya majaribio ya kuyeyusha nyaya za madini mbalimbali na kutoa kanuni ambayo bado inaitwa kwa jina lake. Kwa ufupi, kanuni hiyo inasema kwamba ukiongeza kipenyo cha waya mara mbili, mkondo wa kuuyeyusha hauongezeki mara mbili, bali karibu mara tatu. Mnamo 1887 Mwingereza mwenziwe, A. C. Cockburn, aliwasomea wahandisi wenzake makala kuhusu tabia za madini yaliyotumika kutengenezea fyuzi, akisisitiza kwamba kifaa hiki kitengenezwe kwa vipimo wala si kwa mazoea.

Nawaomba mafundi wetu waitazame tena kanuni hiyo ya Preece. Fundi anayechukua uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa zamani na kuuzungushia fyuzi iliyoungua, akidhani uzi "mnene kidogo tu" hauna neno, amepandisha kiwango cha ulinzi mbali kuliko macho yake yanavyomwambia. Zaidi ya hayo, shaba huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,085 za selsiasi, ilhali zinki, ambayo hutumika sana katika fyuzi za magari ya leo, huyeyuka karibu nyuzijoto 420. Uzi wa shaba unaweza kuwa mwekundu kama kaa na bado haujakatika. Wakati huo plastiki iliyouzunguka haiko tena.

Gari lapata mishipa

Magari ya kwanza hayakuwa na haja kubwa ya fyuzi. Injini iliwashwa kwa mkono, kwa kuzungusha henzeli. Taa zilikuwa za mafuta au za gesi ya kabaidi. Honi ilikuwa mpira wa kubinya. Umeme uliokuwapo ulikuwa ule mdogo wa kutoa cheche ndani ya injini.

Mambo yalibadilika pale Charles Kettering wa Dayton, Ohio, alipotengeneza stata ya umeme iliyowekwa katika magari ya Cadillac ya mwaka wa 1912. Stata ilihitaji betri kubwa, na betri ilihitaji mtambo wa kuichaji. Umeme huo ukishapatikana, nani angekubali kuendelea na taa za gesi? Zikaja taa za umeme, honi ya umeme, waipa, kisha redio. Katika miongo michache gari lilipata mishipa mwili mzima.

Na mishipa hiyo ilikuwa na jambo moja la hatari. Ili kupunguza gharama, waundaji wa magari walitumia mwili wa gari wenyewe, yale mabati, kama njia ya kurudisha umeme kwenye betri. Waya mmoja huenda kwenye taa, na kurudi ni kwa bodi. Ni ubunifu mzuri, lakini maana yake ni kwamba kila waya katika gari umezungukwa na adui yake. Mahali popote ambapo ngozi ya waya itachubuka na shaba igusane na bati, umeme utapata njia ya mkato ya kurudi nyumbani bila kupitia kwenye taa. Hiyo ndiyo shoti. Na betri inayoweza kuizungusha stata kwa amperi mia kadhaa haitauonea huruma waya mwembamba kama uzi wa kiatu.

Nambari moja, maana mbili

Hapa historia inaingia moja kwa moja katika mambo ya lugha, na inatugusa sisi wa Afrika Mashariki.

Magari mengi ya Kiingereza ya miaka ya 1950 na 1960, kama vile Morris Minor, yalikuwa na fyuzi mbili tu kwa gari zima. Zilikuwa vibomba vya kioo vyenye vifuniko vya chuma huku na huku, na ndani yake mna kikaratasi chenye nambari. Fyuzi ya kawaida ya kampuni ya Lucas iliandikwa 35. Fundi yeyote angesoma hapo kwamba inabeba amperi 35. Kumbe sivyo! Waingereza wa Lucas waliandika mkondo unaoikata fyuzi. Mkondo ambao fyuzi hiyo ingeweza kuubeba siku kutwa ulikuwa kama nusu yake, amperi 17. Wamarekani wao waliandika kinyume: nambari iliyo kwenye fyuzi yao ni mkondo inaoubeba bila kukatika.

Basi piga picha kibomba cha kioo cha Kiingereza kilichoandikwa 35, kimeungua, na dukani pamebaki vya Kimarekani vya 35. Vinafanana kama mapacha. Mnunuzi anaamini amenunua kile kile, kumbe ameurudufu mzigo ambao waya utalazimika kuuvumilia kabla ya mlinzi kuamka. Mwenye Morris Minor ya zamani akitaka fyuzi ya hesabu ya Kimarekani badala ya 35 yake, atafute ya karibu 20. Nimewafundisha wanafunzi wangu kwa miaka mingi kwamba istilahi isiyo na fasili moja ni hatari. Huo hapo ni mfano wa hatari hiyo ikiwa na moshi.

Jambo jingine katika magari hayo ya Kiingereza: taa kubwa za mbele mara nyingi hazikuwa na fyuzi kabisa. Si kwamba waundaji walisahau. Waliogopa kwamba fyuzi ikikata usiku, dereva aliye katikati ya kona atapofuka ghafla. Kati ya hatari ya moto na hatari ya giza, walichagua kuvumilia ya moto. Wamarekani wengi walipata suluhisho jingine. Ndani ya swichi ya taa waliweka ukanda wa madini mawili yaliyogandishwa pamoja. Ukipata joto unajikunja na kukata, ukipoa unajinyoosha na kuunga tena. Shoti ikitokea, taa zinawaka na kuzima, zinawaka na kuzima, na dereva anapata nafasi ya kutoka barabarani. Leo magari mengi yana jibu rahisi zaidi: taa ya kushoto ina fyuzi yake na ya kulia ina yake. Moja ikizima, nyingine inakufikisha.

Vita dhidi ya mkono wa haraka

Ukiisoma historia hii kwa makini utaona kwamba baada ya Preece na wenzake, tatizo kubwa halikuwa tena umeme. Tatizo lilikuwa sisi. Wahandisi walijua vizuri jinsi ya kutengeneza kitu kinachoyeyuka kwa wakati. Kilichowashinda ni jinsi ya kumzuia mwanadamu mwenye haraka asikidanganye kitu hicho.

Huko Marekani watu walitia sarafu ya senti moja nyuma ya fyuzi ya nyumbani. Katika magari, walizungushia kibomba cha kioo ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Hila hizo tunazijua hata sisi.

Jibu moja la wahandisi wa Marekani lilikuwa la werevu wa kupendeza. Walitengeneza familia ya fyuzi za kioo zilizojulikana kwa herufi SFE, ambazo unene wake ulikuwa mmoja lakini urefu wake ulitofautiana kadiri amperi zilivyopanda. Ya amperi 4 ilikuwa na urefu wa takriban milimita 16, ya 20 takriban milimita 32, na ya 30 karibu milimita 37. Mahali palipotengenezewa fyuzi ya 4, ya 30 haikuingia hata uisukume vipi. Hukuhitaji kujua kusoma, wala kumwamini fundi. Umbo lenyewe lilikataa.

Ulaya bara walishika njia ya rangi. Volkswagen Beetle, gari lile lenye mgongo wa kobe lililoshinda mashindano ya kwanza ya Safari hapa kwetu mnamo 1953, lilikuja kujulikana kwa fyuzi ndogo zilizochongoka ncha zote mbili, mwili wake wa kauri au plastiki na ukanda wa chuma umepita juu yake wazi. Nyeupe ilikuwa ya amperi 8 na nyekundu ya 16. Udhaifu wake ulikuwa kwenye zile ncha. Zilishikwa na vibanio vya chuma, na vikishika kutu, mguso unakuwa mbaya, mguso mbaya unazaa joto, na fyuzi inayeyuka hata kama mkondo haukuzidi. Aliyeendesha Beetle katika unyevu wa Pwani huenda alijifunza kuzizungusha kwa kidole kila mara ili zishike vizuri.

Kisha katika miaka ya 1970 kampuni ya Littelfuse ya Marekani, iliyoanzishwa Chicago mnamo 1927, ikaleta fyuzi ambayo ndiyo tunayoijua leo: kiplastiki cha rangi chenye miguu miwili bapa kama visu. Ilikuwa hatua kubwa. Plastiki inauficha ukanda usiguswe, lakini inapitisha mwanga ili uone kama umekatika. Miguu yake inashika kwa nguvu. Na rangi zake zikaja kukubaliwa duniani kote: kahawia ni amperi 7.5, nyekundu 10, buluu 15, manjano 20, isiyo na rangi 25, kijani 30.

Lakini tazameni kilichopotea. Fyuzi hizi, zikiwa za familia moja, zina umbo moja na ukubwa mmoja. Ya 30 inaingia mahali pa 10 bila ubishi. Somo la zile fyuzi za urefu tofauti liliachwa, na ulinzi ukarudishwa mikononi mwa msomaji wa rangi na nambari. Yaani usalama wa gari lako leo unategemea kusoma. Ndiyo maana nasema hili ni jambo la safu ya lugha.

Kisanduku kinasema nini?

Kusoma huko kuna vikwazo vyake. Magari mengi yanayoingia Kenya yametumika kwanza Japani. Kijitabu cha maelezo, kikiwa bado kimo garini, kimeandikwa kwa Kijapani. Kwenye kifuniko cha fyuzi mara nyingi mna vifupisho vya Kiingereza visivyoeleweka hata na Mwingereza. Na kifuniko chenyewe pengine kilipotea miaka mitatu iliyopita. Mwenye gari anabaki na safu ya vidude vya rangi, kama mtu aliyepewa kamusi isiyo na fasili.

Basi tufasili. Nambari ya fyuzi ni amperi, kipimo cha mkondo kilichopewa jina la Mfaransa André-Marie Ampère. Kuipata ni hesabu ya darasani: gawa wati kwa volti. Taa mbili kubwa za wati 55 kila moja ni wati 110. Ukigawa kwa volti 12 unapata kama amperi 9.2. Waundaji huchagua waya unaobeba hizo bila kupata joto la kudhuru, kisha huchagua fyuzi itakayokata kabla waya huo haujashindwa.

Wala fyuzi ya 10 haikatiki pindi mkondo unapogusa 10. Kwa viwango vya kimataifa vya ISO 8820, fyuzi ya visu lazima ibebe asilimia 110 ya nambari yake kwa angalau saa 100. Mkondo ukiwa mara mbili ya nambari yake, lazima ikate ndani ya sekunde 5. Kwa hiyo nafasi ya uvumilivu imeshatiwa humo ndani. Dereva anayesema "wameweka ndogo mno" anaomba nyongeza juu ya nyongeza.

Sasa weka ya 30 mahali pa 10. Ikiwa ni shoti kamili, shaba juu ya bati, hata ya 30 huenda ikakata. Hatari hasa iko kwenye kasoro za katikati: waya uliochubuka unaogusa na kuachilia, au mota ya waipa iliyokwama. Hizo zinaweza kuvuta amperi 25 mfululizo. Fyuzi ya 30 haioni kosa lolote hapo. Waya uliotengenezwa kwa 10 unapata joto, ngozi yake inalainika, inashikana na nyaya jirani, na kosa moja linakuwa mengi. Lazima kitu fulani kiyeyuke, na ukiinyima fyuzi ruhusa, unakuwa umeuteua waya uwe fyuzi. Ni fyuzi ya urefu wa mita tatu, imepita chini ya zulia, nyuma ya viti, hadi kando ya bomba la petroli.

Matatu zetu nazo zinastahili neno. Taa za kila rangi, skrini, spika zinazotikisa vioo: huo ni utamaduni wetu na siupingi. Lakini kila kimoja ni mzigo ambao muundaji wa gari hakuuwazia. Fundi mwenye heshima huvuta waya mpya wenye unene unaofaa, hutumia relei, na huweka fyuzi karibu kabisa na betri. Huko mwisho wa waya, kwenye spika, si mahali pake, kwa kuwa sehemu ya waya iliyo kabla ya fyuzi haina mlinzi. Fundi wa haraka hudandia waya wa karibu, na fyuzi ikilalamika, huibadilisha kwa kubwa. Abiria kumi na wanne wanaopanda hawana njia ya kujua ni fundi yupi aliyepita humo.

Kuna kipya?

Wengine watasema magari ya umeme yanakuja, mambo haya ya kale ya nini? Tangu 2022 mabasi ya umeme yamebeba abiria hapa Nairobi. Humo betri haina volti 12 bali mamia ya volti, na umeme wa namna hiyo ukikatwa huruka pengo na kuendelea kuwaka kama radi ndogo. Fyuzi zinazotumika huko zimejazwa mchanga, ambao huyeyuka pamoja na chuma na kuizima cheche hiyo. Ni uvumbuzi wa leo? La. Mnamo 1890 Mwingereza W. M. Mordey alipata hataza ya fyuzi ya kibomba kilichojazwa unga usiopitisha umeme vizuri. Gari la kesho limerudi kuazima kwa mzee wa karne ya 19.

Sasa nimjibu ndugu yangu fundi swali lake la kwanza. Neno 'fyuzi' nalikubali libaki. Ni fupi, linatamkika, na limeshazoeleka kutoka Kirinyaga hadi Kongowea. Ninalotaka tulibadilishe ni lile linaloandamana nalo. Tusiseme "fyuzi ni mbovu". Hata "fyuzi imeungua" inaifanya ionekane mhanga wa ajali. Tuseme "fyuzi imekata". Ndiyo hali halisi: imekata mkondo, kama ilivyoagizwa. Na kitenzi 'kukata' kina faida yake katika Kiswahili, kwa kuwa kinamfanya msikilizaji aulize mara moja: imekata nini, na kwa nini?

Hilo ndilo swali ambalo dereva wetu wa pale Grogan hakuliuliza. Fyuzi ya kwanza ikikata, weka nyingine ya nambari ile ile, kwa kuwa huenda ilichoka au mguso ulikuwa mbaya. Ya pili ikikata, usiweke ya tatu. Acha redio inyamaze, mtafute fundi aufuate ule waya hadi mahali ulipochubuka. Itakugharimu nusu siku na pesa kidogo. Na kabla hujaondoka, mwombe akuonyeshe kwenye mwanga fyuzi zote zilizomo kwenye kisanduku chako, moja baada ya nyingine. Ukiona iliyozungushiwa uzi wa waya, muulize aliyeiweka alikuwa nani, na umekuwa ukiendesha hivyo tangu lini.